Mkate Ndio Sahani Yangu

King'ora cha kiwanda kilipolia saa saba, koti langu jeupe lilikuwa tayari limening'inia msumarini na mimi niko mlangoni. Nilikuwa na saa moja tu. Dakika kumi na mbili za kuteremka kijia kinachokata katikati ya michai hadi nyumbani, ishirini za kumnyonyesha binti yangu, kumi na tano za kupanda tena, maana kile kilima hakimhurumii mtu aliyeshiba. Zilibaki kumi na tatu. Katika hizo kumi na tatu, kila Ijumaa, nilikaanga samaki, nikamtia kwenye mkate, nikamla. Walioniona wakisema mimi ni kichwa ngumu, siwabishii.

Samaki nilimnunua Alhamisi jioni kwa mama mmoja anayeuza karibu na stendi ya Kaplong. Nilitaka mbuta, ile nyama ya mgongoni isiyo na miiba, kwa sababu mwenye dakika kumi na tatu hana wakati wa kuchambua miiba. Jioni hiyo hiyo nilimkata vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili, nikavipaka chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili ya unga, ile nyekundu inayokupigisha chafya ukifungua mfuko tu. Nikavifungia ndani ya kopo, nikalitundika kwenye boriti ya zizi, mahali paka hafiki. Baridi ya huku kwetu inatosha kuwa friji.

Ijumaa mchana ilibaki kazi ya kupanga. Kwanza mtoto, halafu pilipili. Ukikosea mpango huo mara moja, hutarudia. Mtoto akishashiba na kurudishwa mgongoni kwa nyanya yake, nilikwenda nyuma ya zizi kwenye mafiga yangu matatu na kuwasha vijiti vya michai iliyopogolewa, ambavyo hushika moto haraka na kuwaka kwa hasira. Vipande nikavipitisha kwenye unga wa mahindi, nikavitupa kwenye mafuta, dakika mbili upande huu, dakika mbili upande ule. Huku vikikaangika nilipondaponda avokado juu ya kipande kimoja cha mkate. Samaki wakitoka, mkate ukaingia kwenye mafuta yale yale, upande mmoja tu, ili ukauke kidogo na usilegee. Kisha kitunguu kibichi, nyanya, pilipili mbichi niliyoikata asubuhi, na ndimu ya mwisho juu ya yote. Nikafunika, nikauma. Masikio yaliwaka kwanza, halafu macho yakatoa machozi, na kwa muda huo mfupi nilikuwa nyumbani kwetu, kando ya ziwa.

Sasa, kwa nini nyuma ya zizi? Kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni Mkipsigis, na katika utoto wake samaki hakuwa chakula. Aliambiwa ni ndugu ya nyoka, akaamini, na sioni kwa nini asingeamini. Juu ya hayo kuna maziwa. Jikoni kwake vimening'inia vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti anaouchagua mwenyewe, na yeyote anayejua mursik anajua maziwa hudaka kila harufu inayopita. Wiki yangu ya kwanza kwake alinikalisha chini, bila hasira yoyote, akaniambia, "Mimi sikatazi mtu kula. Lakini hiyo kitu haiingii kwa jiko yangu, na haigusi sahani yangu. Hata kijiko."

Nilipoanza hizi Ijumaa zangu, nilinunua kikaango changu na kisu changu, nikavitundika zizini. Sahani nilikataa kununua. Kuwa na sahani ya peke yangu katika boma la watu kungekuwa kukubali kwamba mimi ni mgeni wa kudumu, na sikuolewa ili niwe mgeni. Mkate ukawa sahani yangu. Nilikula nimesimama, mafuta yakinitiririka hadi kwenye kiwiko, ng'ombe wakinitazama.

Ningeweza kuacha samaki. Mume wangu, ambaye anafundisha shule moja huko Chebunyo na hurudi mwisho wa wiki, alinishauri hivyo kwa upole wake wote. "Si uwe unakula ukienda kwenu?" Hakuelewa kwamba shida haikuwa tumbo langu. Ilikuwa mama yangu.

Watu wetu walipokuja kuona boma baada ya harusi, mama yangu alibeba kikapu chenye samaki wanne wakubwa aliowakausha kwa moshi kwa mikono yake. Kwetu huendi kuona mji wa binti yako mikono mitupu. Kikapu kilipokelewa langoni na mwanamke mmoja, kwa adabu, kisha kikatundikwa nje kwenye nguzo ya ua. Mama alikiona kikitundikwa. Aliingia, akala, akatabasamu alipotakiwa kutabasamu. Wakati wa kutoka tulikikuta kikapu chini, kitupu, na mbwa wawili wamelala kando yake wakijilamba midomo. Alikiokota, akakikung'uta vumbi, akaniambia kwa lugha yetu huku anatazama barabara, "Nitaingia lango hili tena siku samaki wangu atakapotangulia."

Hakutania. Mtoto alipozaliwa alikuja hadi hospitalini, akambeba, akarudi kwake kutoka huko huko. Baada ya hapo alikuwa anakuja hadi kwenye lami. Nilimchukua mtoto hadi barabarani, naye akamchezea chini ya mkalitusi kwa nusu saa, begi lake miguuni, kisha akaenda zake. Mara ya tatu nilipomwona mama yangu akimwimbia mjukuu wake kando ya barabara, malori ya majani yakimpulizia moshi, kitu kilinikata moyoni. Nilirudi nyumbani nikijiapiza. Huyo samaki ataingia, nilisema. Ataanza zizini, ataenda jikoni, na siku moja atafika mezani, na mama yangu atakaa kwenye kiti. Nilipiga moyo konde nikaanza na zizi.

Kitu nilichokosa kufanya ni kumwambia mama mkwe sababu. Niliona kwamba anaijua, na kwamba anajifanya haijui. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili linaniaibisha zaidi, kwa sababu ya kazi yangu. Mimi naonja chai. Kila asubuhi tunapanga vikombe vyeupe mezani, tunavuta chai kwa mdomo kwa kishindo, tunaizungusha kwenye ulimi na kuitema. Chumba chetu hakiruhusu marashi, hakiruhusu sabuni yenye harufu, na samaki usimtaje. Kwa bahati, Ijumaa uonjaji ulikwisha kabla ya saa saba na mchana nilikuwa na makaratasi tu. Hata hivyo nilinawa kwa jivu na ndimu kabla ya kupanda kilima, na mkubwa wangu alisimama mlangoni akininusa na kuuliza, "Leo umetoka lunch ama umetoka ziwa?" Mimi ndiye ninayewafundisha wafanyakazi wapya kwamba majani ya chai ni mwizi wa harufu. Yaweke karibu na sabuni, utakunywa sabuni. Nimesema maneno hayo mara nyingi hadi mdomo unayasema wenyewe.

Basi Ijumaa moja mvua ilinikuta kwenye mafiga, mvua ya huku isiyoanza kwa matone bali inakuja yote mara moja. Nilikuwa nimekaanga vipande vya mikate miwili. Mmoja niliula nikikimbia. Wa pili niliufunga kwenye karatasi ya mkate na kuingia nao ndani, nikatafuta mahali pa kuuweka hadi jioni, nikaona kabati la sebuleni. Si jikoni, nikajiambia, kwa hiyo sijavunja sheria. Niliusukuma nyuma kabisa, nikafunga mlango, nikapanda kilima nikiwa nimelowa. Jioni mume wangu alifika na habari zake za shule, mtoto akawa na joto kidogo, na ule mkate nikausahau kabisa.

Kwenye kabati hilo, rafu hiyo hiyo, ndiko mama mkwe alikoweka majani ya wageni. Yalikuwa majani mazuri niliyomletea mimi mwenyewe kutoka kiwandani, kwenye mkebe ambao mfuniko wake hauingii vizuri.

Jumapili baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja. Walikuwa saba, wote wa rika la mama mkwe, na kila mmoja alikuwa na neno la kumsifu mtoto. Chai ililetwa kwenye birika kubwa. Nilichukua kikombe changu, nikanywa funda la kwanza, na mwili wangu wote ukasimama. Chini ya maziwa na sukari kulikuwa na mbuta. Nyuma ya mbuta kulikuwa na kitunguu saumu.

Nilitazama pande zote. Mmoja alikuwa anakitazama kikombe chake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mwingine alikiweka chini taratibu, akasema chai amekunywa nyingi leo. Maongezi yalipungua, kisha yakakatika. Mama mkwe akaonja, akafikiri, akaonja tena. Halafu akageuka kuelekea jikoni kwenye vibuyu vyake, na nikaona uso wake umebadilika. Alidhani ni maziwa. Mwanamke huyu ambaye watu huja kutoka mbali kumwuliza jinsi ya kutunza kibuyu alidhani maziwa yake yamemharibikia mbele ya wageni.

"Mnisamehe," akasema, sauti chini. "Labda ng'ombe imekula kitu."

Ningenyamaza, ningepona. Hakuna aliyenitazama, na ng'ombe asingejitetea. Lakini kulikuwa na vitu ambavyo nilikuwa tayari kumfanyia mama mkwe ili samaki wangu apite, na kumwachia aibu isiyo yake hakukuwamo.

"Maziwa ni mazuri, Mama," nikasema. "Ni majani. Mimi niliweka samaki ndani ya kabati."

Saba hao walitoka mapema. Mama mkwe hakunipigia kelele. Alimwaga majani yote chini ya mgomba, akausugua mkebe, kisha akaenda zizini, akakitoa kikaango changu msumarini na kukirusha katikati ya nepia, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe. Tangu Jumatatu hadi Alhamisi hakuzungumza nami ila kupitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako maji imechemka." "Mwambie mama yako kuna mvua, abebe mwavuli." Mtoto, ambaye hata kukaa vizuri alikuwa hajajua, alitutazama mmoja baada ya mwingine na kucheka.

Alhamisi jioni nilipitia Kaplong nikanunua mbuta.

Ijumaa, mtoto aliposhiba, niliingia kwenye nepia na sare yangu ya kazi, nikatafuta kikaango hadi nikakipata, nikakiosha, nikawasha moto. Mafuta yalikuwa yameshika joto niliposikia hatua. Mama mkwe alisimama hapo, mtoto mgongoni.

"Hata baada ya hiyo aibu?" akauliza.

"Hata baada ya hiyo aibu, Mama."

"Kwa nini? Nyama iko. Kuku iko. Maziwa hatujawahi kukunyima. Kwa nini unanipigania na samaki?"

Sauti yake haikuwa ya kugombana. Alikuwa anataka kujua kweli, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimemwambia hata siku moja. Nikamwambia yote, nimechuchumaa, kijiko mkononi. Nikamweleza habari za kikapu, nguzo na mbwa, maneno ya mama yangu langoni, na mkalitusi wa barabarani ambako nyanya mwenzake anambembeleza mjukuu wao kwenye moshi wa malori. Nilipofika hapo nililia, na sikusingizia pilipili.

Mama mkwe alikaa kwenye jiwe. Samaki akaanza kunuka kuungua.

"Ni mimi nilisema kikapu iwekwe nje," akasema. "Maziwa ya wageni ilikuwa jikoni. Nilisema nitamrudishia akienda. Mbwa wakakula. Niliona haya, msichana yangu. Nikasema nitamwomba msamaha akikuja tena. Hakukuja. Nikangoja. Nikasema basi, ameona boma yetu haimtoshi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mama yangu, nikajikasirikia mimi zaidi. Muda wote huo wanawake wawili wazima walikuwa wanangojeana, mmoja barabarani na mwingine jikoni, na mimi katikati yao nikikaanga tu. Vipande vilikuwa vimekuwa makaa. Nikachukua mkate na avokado mtupu nikaanza safari ya kilima.

"Mwambie akuje," mama mkwe akaniita nikiwa nimefika kwenye michai. "Akuje na hiyo kitu yake."

Mama yangu alichagua Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Alitaka kuona kwa macho yake, na alitaka pia kuwa na mwanga wa kutosha wa kurudi kwake kama mambo yangeharibika. Siku hiyo niliteremka kile kijia mbio. Nilimkuta amesimama nje ya lango, na mkononi ana kikapu kile kile, safari hii chenye mbuta mbichi aliyefunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuwa amepiga hodi.

Mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso. Akaja hadi langoni. Walitazamana.

"Mama, nilikukosea," mama mkwe akasema. "Leta."

Akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akakishika mbali na kifua chake, uso ameugeuza pembeni na pua ameikunja, akatembea nacho hivyo hivyo akapita lango, akapita ua wote. Mama yangu alisubiri nje mpaka kikapu kikafika katikati ya boma. Ndipo naye akaingia. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na sikumbuki ni kipi kilianza.

Nilipopokea kikapu, miguu yangu kwa mazoea ilielekea zizini.

"Unaenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kwa moto wangu."

"Mgeni hatapikiwa kwa ng'ombe."

Nikaingia jikoni. Ukuta ulikuwa mtupu. Vibuyu vyote alikuwa amevihamishia chumbani kwake na kuvilaza kitandani, vimefunikwa blanketi mbili. Nilikata samaki, nikamtia chumvi, ndimu na pilipili nyingi, kwa sababu mama yangu ndiye aliyenifundisha kupenda pilipili. Dakika mbili upande huu, dakika mbili upande ule. Nilipofunga mkate wa kwanza nilimnyoshea mkononi, kama nilivyozoea kujipa mimi mwenyewe, na mama yangu akanyosha mkono kuupokea.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, pembe ya leso puani. Aliingia, akafika kwenye rafu, akatoa sahani moja katika zile sita za wageni, nyeupe zenye ukingo wa buluu. Akaishika kati yetu. Nikauweka mkate juu yake, na mafuta mekundu ya pilipili yakashuka polepole hadi kwenye ukingo. Akayatazama yakishuka. Kisha akarudi kwenye rafu akatoa ya pili.

"Na wewe," akaniambia. "Kaa chini. Kila Ijumaa unakula umesimama kama askari wa geti."

Yeye hakula. Hadi leo hali samaki, na sijawahi kumwomba. Alikaa kwenye kizingiti na kikombe chake cha mursik, mtoto mapajani, akamwuliza mama yangu kama barabara ya kwao imetengenezwa.

Nilichelewa kazini siku hiyo, na mkubwa wangu alininusa hata kabla sijafika mlangoni. Niliporudi jioni, mama yangu alikuwa bado yuko, ameketi kwenye kiti sebuleni, mtoto amelala juu ya bega lake. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba sahani zilioshwa kwa jivu mara tatu, zikanuswa, zikaanikwa juani, zikanuswa tena.

Nikaenda jikoni. Vibuyu vilikuwa vimerudi ukutani, na sahani zilikuwa kwenye rafu, zote sita, moja juu ya nyingine. Nilizitoa moja moja nikazinusa, kuanzia ya juu hadi ya chini. Pua yangu, ambayo kiwanda kizima kinaitegemea, haikuweza kujua zile mbili ni zipi.